Spidi ya Jumapili

Mtandao ulilemaa saa kumi na moja kasorobo jioni, siku ya mwisho ya kutuma maombi ya chuo cha uuguzi. Ndani ya saiba ya Sellah, duka lake la mtandao mjini Kitale, walikuwa wamekaa watu tisa waliokwisha kulipa. Maombi yangefungwa saa kumi na mbili. Sellah alidhani ni mvua. Binti yake, Nakhumicha, alijua kwamba si mvua. Alikuwa amejua tangu Februari, na hakumwambia mtu.

Nakhumicha alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu. Kila siku baada ya shule alivua sare, akala, akafagia saiba, kisha akapanga viti sita mbele ya kompyuta sita. Ukutani, juu ya mashine ya kuchapisha, paliningʼinia chuma kirefu chenye uwazi ndani na ncha kali. Wateja wageni walidhani ni mkuki. Kilikuwa chuma cha kudungia magunia. Kabla ya kufungua saiba, Sellah aliuza mahindi sokoni Kitale kwa miaka mingi, na hakuwahi kununua gunia bila kulidunga. Wakulima wajanja huweka mahindi makavu mdomoni mwa gunia na yale yenye unyevu katikati. Sellah alidunga hadi katikati, akachota punje, akaziuma. Walimchukia kwa hilo, lakini mahindi yake hayakuoza.

Saiba ilipoanza, alitumia bando za simu, na zilikuwa zikimmaliza. Mwezi wa Februari aliamua kuvuta faiba, mtandao wa waya. Kampuni kubwa zilizofika mtaani kwao zilikuwa mbili, Mshale na Nguzo. Mshale ilitangaza spidi ya megabiti thelathini kwa shilingi elfu mbili mia tisa kwa mwezi, na kufungiwa bure. Nguzo ilitangaza spidi ya ishirini kwa elfu nne mia moja, na kufungiwa kwa elfu tano. Kwenye karatasi, hakukuwa na mashindano. Spidi kubwa, pesa kidogo. Ajenti wa Mshale, kijana aliyevaa fulana ya kampuni, alimwambia Sellah kwamba hata mtoto angechagua.

Sellah alimjibu kwamba mahindi ya karatasini huwa makavu siku zote. Akamwomba wiki moja ya majaribio ya kupima tu, wateja wakiendelea na bando. Ajenti alikubali, akamkumbusha kwamba akishaweka sahihi ni mkataba wa mwaka mzima, na anayetoka mapema hulipa faini ya miezi miwili.

Kwa upande wa Nguzo, shida ilikuwa jirani. Aliyekuwa na Nguzo ni Kinyua, mwenye saiba ya mlango wa pili. Sellah na Kinyua hawakusalimiana. Mwaka uliotangulia Kinyua alikuwa amepigilia kibao kikubwa cha duka lake hadi kikafunika nusu ya dirisha la Sellah. Sellah alipolalamika, Kinyua alisema dirisha halina hatimiliki. Tangu siku hiyo, kila mmoja alifagia takataka zake hadi mpakani na kuziacha hapo.

Hata hivyo, Sellah alikwenda kwa Kinyua akaomba binti yake apime spidi ya Nguzo pale kwake. Alirudi uso umekunjamana. Kinyua alikuwa amekubali, lakini kwa sauti ya kusikika na wateja wote.

Sellah akampa Nakhumicha simu yake na maagizo. Kila jioni saa kumi na moja, watu wakiwa wametoka kazini na watoto wametoka shule, aende kwa Kinyua, akae karibu na kisanduku chenye taa walichokiita rauta, apime. Kisha arudi kwenye saiba yao, akae karibu na rauta ya majaribio ya Mshale, apime. Saa ile ile, umbali ule ule, kila siku kwa wiki moja.

Jumatatu Nakhumicha alikwenda. Kwenye kaunta alimkuta Nyaruai, binti wa Kinyua. Walisoma darasa moja, na ugomvi wa wazazi walikuwa wameubeba hadi shuleni. Nyaruai alikuwa anatafuna muwa.

"Niaje, mgeni," Nyaruai alisema. "Leo mmekuja kuomba net. Kesho mtakuja na sufuria kuomba unga, ama?"

Wateja wakacheka. Mzee mmoja alicheka hadi akakohoa. Nakhumicha akapima bila kuinua macho. Kumi na tisa. Nguzo ilikuwa imeahidi ishirini, ikatoa kumi na tisa, saa ambayo mtaa mzima ulikuwa kwenye simu.

Akarudi kwao, akakaa karibu na rauta ya Mshale. Akapima. Nne. Akadhani amekosea, akapima tena. Nne tena.

Alikaa na simu mkononi. Akimwambia Mama ukweli, Mama atakwenda Nguzo. Nyaruai naye atasema shuleni kwamba Mama Nakhu amemfuata baba yake hadi kwenye waya. Na ili wiki iishe, angelazimika kurudi pale kila jioni kuchekwa. Hakurudi. Kila jioni saa kumi na moja alizunguka soko, akarudi nyumbani, akamwambia Mama kwamba amepima.

Jumapili asubuhi alisema tumbo linamuuma. Sellah akaenda kanisani peke yake. Sauti za kwaya zilisikika kutoka makanisa matatu tofauti, na mtaani hapakuwa na mtu wa kufungua simu. Nakhumicha akapima Mshale. Thelathini na moja. Akatabasamu. Kisha, akitumia neno la siri alilopewa na Kinyua, akaenda nyuma ya nyumba, karibu na tangi la maji, akapima Nguzo kupitia kuta mbili. Sita.

Namba zote mbili zilikuwa za kweli. Alijiambia hivyo mara kadhaa.

Mama aliporudi, Nakhumicha akampa namba hizo mbili kuwa ndizo za jioni za wiki nzima. Sellah alivua viatu vya kanisani, akampigia simu mdogo wake, Phelista. Phelista naye alikuwa na saiba, huko Bungoma, karibu na chuo kikuu cha Kibabii. Sellah aliweka simu mezani na kuongeza sauti ili wote wasikie. Phelista alisema yeye amekwisha kuingia Mshale na hana malalamiko. Sellah akamsomea namba za Kitale, thelathini na moja kwa sita.

"Hiyo tofauti ni kubwa sana," Phelista alisema. "Mimi nilipima jioni, wanafunzi wakiwa wamejaa hosteli. Nyinyi mlipima saa ngapi?"

Sellah akageuka, akamtazama binti yake.

"Jioni, Anti," Nakhumicha alijibu.

Kesho yake Sellah akaweka sahihi.

Machi yote, mtandao ulikuwa mzuri asubuhi na wa kuudhi jioni. Sellah alilaumu kompyuta zake kuukuu. Alilaumu mvua. Alipiga simu kwa Mshale, akaambiwa azime rauta, ahesabu hadi thelathini, aiwashe. Alizima na kuwasha hadi kitufe kikalegea. Wateja wa jioni walianza kuhamia kwa Kinyua mmoja mmoja, wakipita chini ya kile kibao. Nakhumicha aliona yote hayo. Mara mbili alifungua mdomo kusema, na mara mbili akauliza kama chai iko tayari.

Ndipo ikafika siku ile ya Aprili, shule zikiwa zimefungwa.

Miongoni mwa wale watu tisa alikuwemo Levi Wabwile. Alikuwa amemaliza shule mwaka uliopita, na kwa miezi mitano alikuwa amebeba magunia sokoni ili apate ada ya maombi na nauli ya kufuata vyeti vyake. Alifika saa sita mchana akiwa wa kwanza. Fomu ilitaka barua ya chifu, naye hakuwa nayo. Sellah akamwambia aifuate bila wasiwasi, kwamba mtandao upo na atamaliza hata saa kumi. Levi alirudi saa kumi na dakika chache, shati limelowa jasho, barua iko ndani ya bahasha. Akaketi kwenye kompyuta ya sita.

Barua yake ilianza kupanda mtandaoni. Ikafika nusu. Ikafika robo tatu. Kisha kile kiduara cha kungojea kikaanza kuzunguka, hapo kwake na kwenye kompyuta nyingine zote.

Kwanza watu walingoja. Kisha mwanamke mmoja aliyekuja kumtumia mwanawe maombi akasema hii ni saiba gani inayokula pesa kama kanisa la uongo. Mwingine akadai arudishiwe pesa sasa hivi. Kijana wa kompyuta ya tatu alipiga meza. Sellah alikuwa na simu sikioni, na mtu wa Mshale alikuwa akimwambia azime rauta na ahesabu hadi thelathini.

"Usizime, Mama," Nakhumicha alisema. "Haitasaidia. Jioni huwa nne."

Sellah akashusha simu. "Nani amekwambia ni nne?"

"Nilipima. Ile Jumatatu ya kwanza. Yetu ilikuwa nne na ya kwao kumi na tisa. Ile thelathini na moja ilikuwa ya Jumapili, watu wakiwa kanisani. Na ile sita niliipima pale nyuma kwenye tangi."

Watu waligeuka kumtazama. Mvua ilikuwa ikipiga mabati. Sellah hakuinua mkono. Alikata simu, akaiweka juu ya mashine ya kuchapisha, chini ya kile chuma.

"Nenda kwa Kinyua," alisema. "Wewe mwenyewe. Umwambie maneno hayohayo, usipunguze hata moja. Kisha umwombe viti."

Nakhumicha alitembea hatua chache zile kama anayekwenda kuchapwa. Saiba ya Kinyua ilikuwa imejaa, na kila mashine ilikuwa inakwenda. Alisimama mbele ya kaunta, akasema yote, hata habari ya tangi. Nyaruai aliacha kutafuna. Kinyua alimsikiliza akiwa anahesabu chenji.

"Kwa hivyo ulinipima ukiwa umejificha nyuma ya tangi," alisema, "halafu ukaenda kusema mtandao wangu ni mbovu. Halafu leo unataka viti vyangu."

"Ndio, Mzee."

"Na mama yako amekosa miguu?"

"Amesema nije mimi, kwa sababu ni mimi niliyedanganya."

Kinyua akatazama saa. Akasema watakuja wawili wawili, kadiri viti vinavyoachwa, na watamlipa yeye bei kamili. Akaongeza kwamba kibao chake hakitasogea hata inchi moja, na mtu asije kesho kudhani wamekuwa marafiki. Nakhumicha akakubali. Hakuwa na cha kukataa.

Watu walivuka wawili wawili chini ya mvua, vyeti vimefunikwa kwa mifuko. Yule mwanamke wa kanisa la uongo alikuwa wa kwanza. Kwa Kinyua, maombi yaliyokuwa yamekwama nusu saa na zaidi yalipita kwa dakika chache.

Levi hakuvuka. Barua yake ilikuwa imefika asilimia tisini, naye aliogopa kwamba akiondoka ataanza upya. Sellah alimsihi ahame. Akasema imebaki kidogo tu. Hiyo ndiyo shida ya mtandao wa kuchechemea. Uliokufa mtu huuacha, lakini unaochechemea humshika kwa matumaini. Ilipobaki robo saa, Levi aliinuka, akakimbia. Viti vya Kinyua vilikuwa vimejaa. Nyaruai, bila kuambiwa na mtu, alimwinua kijana aliyekuwa anatazama mpira, akamketisha Levi. Levi akaanza upya. Jina. Shule. Namba ya mtihani. Cheti cha kwanza, cha pili. Barua ya chifu ikapanda hadi mwisho bila kusimama. Alipobonyeza kutuma, skrini ilimjibu kwamba maombi yamefungwa.

Alibonyeza tena. Kisha akakaa akiyatazama maneno yale.

Nakhumicha alikuwa amesimama mlangoni. Levi alipotoka, alisimama mbele yake. Hakupaza sauti.

"Ulijua?"

"Nilijua."

Levi akaingiza bahasha ndani ya shati, akaondoka kwenye mvua.

Siku tatu Sellah hakusema na binti yake ila maneno ya kazi. Leta maji. Funga mlango. Siku ya nne alimtuma Bungoma kwa Phelista, akaone jinsi watu wanavyopima. Phelista hakumkumbatia. Alimwonyesha kitanda, akamwambia mwongo hula ugali kama wengine lakini huosha vyombo vyote. Jioni, wanafunzi wa Kibabii walipojaa, alimketisha kando ya rauta na kumwambia apime mwenyewe. Mshale ilitoa ishirini na sita.

Nakhumicha akashangaa. Kampuni ni ile ile, bei ni ile ile. Phelista akamweleza kwa kifupi kwamba waya mmoja hugawanywa kwa nyumba nyingi kama bomba la maji. Pale kwake waliounganishwa ni wachache. Huko Kitale, Mshale walikuwa wamejaza mtaa mzima kwenye bomba moja. Kwa hiyo hakuna kampuni nzuri kila mahali, na bei ya tangazo haikuambii kitu mpaka upime pale unapokaa, saa unayofanya kazi.

"Na mimi nilikuuliza," Phelista alisema. "Nilikuuliza saa ngapi, ukanijibu jioni. Ningekuwa karibu ningekuzaba."

Nakhumicha aliporudi Kitale, Sellah alimpa simu na maagizo yale yale ya Februari. Wiki nzima, kila jioni, Nakhumicha aliketi karibu na kaunta ya Kinyua. Nyaruai alimkaribisha kila siku kwa neno jipya. Siku moja alimwita mpima matangi, siku nyingine daktari wa Jumapili. Nakhumicha alipima, akaandika, akasema asante, akaenda. Nguzo haikushuka chini ya kumi na saba. Mshale haikupanda juu ya tano.

Jioni ya mwisho Sellah alifunga mlango mapema. Alishusha chuma kutoka ukutani, akakilaza mezani kati yao.

"Unajua nilikuwa nadunga wapi?" aliuliza.

"Katikati ya gunia."

"Kwa nini si mdomoni?"

"Kwa sababu mdomoni huweka mazuri."

"Jumapili asubuhi ni mdomo wa gunia," Sellah alisema. "Wewe ulichota punje kavu mdomoni, ukaniletea, ukaniambia gunia zima ni kavu. Ati namba ni za kweli. Hata yule mkulima mjanja, punje zake za juu ni za kweli. Mtu anaweza kudanganya bila kutaja namba hata moja ya uongo, akichagua tu saa ya kupima na mahali pa kusimama. Huo ndio uongo mbaya zaidi, kwa sababu hata anayeusema hujiona mkweli."

Nakhumicha alianza kulia. Mama yake hakumnyamazisha.

"Na mimi nina langu," aliendelea. "Gunia la mahindi singelinunua kwa mdomo wa mtu. Mkataba wa mwaka niliununua kwa mdomo wa mtoto, kwa sababu sikutaka kukaa kwa Kinyua nikapime mwenyewe. Chuki ilinifunga macho kama ilivyokufunga wewe. Kinyua simpendi, na simpendi hadi leo. Lakini mtandao wake ni mzuri, na kumchukia hakujaufanya mbovu. Ukipima kitu, pima kitu. Usimpime mwenye kitu."

Alikirudisha chuma ukutani. Wiki iliyofuata mafundi wa Nguzo walivuta waya mpya hadi saiba ya Sellah. Jioni ile kompyuta zote sita zilifanya kazi hadi wakati wa kufunga. Kinyua alisimama mlangoni kwake akitazama, kisha akafagia takataka zake hadi mpakani.

Hivi ndivyo ilivyogharimu. Faini ya kuvunja mkataba wa Mshale, elfu tano mia nane. Kufungiwa Nguzo, elfu tano. Watu tisa walirudishiwa pesa zao, na wanne kati yao hawajakanyaga saiba ya Sellah tena. Nakhumicha alipaswa kwenda ziara ya shule mwezi wa sita. Pesa ya ziara iliingia kwenye faini, na alibaki darasani na wale wasio na uwezo wa kulipa.

Levi alirudi sokoni. Chuo kingepokea maombi tena Aprili nyingine. Nakhumicha humwona kila anapokwenda kununua mboga, gunia likiwa begani, na humsalimia. Levi huitika. Mwaka mmoja wa kubeba magunia, kwa sababu ya dakika chache ambazo mtu mwingine aliogopa kuchekwa.